Mpagazi aliyekufa mbali: je, yumo kwenye Siku ya Mashujaa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha shule ya msingi wilayani Mpwapwa. Bibi yangu alikuwa akitusimulia kwamba babu yake alikamatwa na Waingereza awe mpagazi kwenye vita vya Mjerumani. Hakurudi, na hakuna aliyeleta habari zake. Kila Julai 25 tunawaambia watoto kwamba leo taifa linawakumbuka waliokufa vitani. Mwaka huu mwanafunzi mmoja ameniuliza kama babu yetu naye yumo, nikakosa la kumjibu. Yumo? Na kwa nini hasa taifa linahangaika na wafu wa vita, tena kwa mizinga na tarumbeta? Tena, nikipata majina ya watu kama yeye, ni sawa yasomwe mbele ya shule siku hiyo?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yatafuata. Kwa jina, karibu nina hakika hayumo popote. Kwa kundi, yumo kwenye sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, katika sentensi moja inayowataja wapagazi wote kwa mkupuo. Kuhusu Julai 25 kuna ubishi, na upande wangu nitausema.

Kwanza hilo la kwa nini. Sababu kubwa huwa haisemwi jukwaani. Serikali ndiyo pekee yenye ruhusa ya kumwambia mtoto wa mtu nenda ukafe. Ikishasema hivyo ina deni, na kijana wa kesho anatazama yule wa jana alilipwa vipi. Jeshi lisilozika watu wake kwa heshima litapata tabu kuandikisha wengine. Kwa hiyo mizinga ile, pamoja na huzuni yote, inapigwa pia kwa ajili ya walio hai wanaovaa magwanda pale uwanjani. Sioni ubaya wowote katika hilo, mradi tulijue.

Sababu ya pili ni ya wafiwa, nayo ina historia fupi kuliko watu wanavyodhani. Kwa karne nyingi sanamu zilikuwa za wafalme na majemadari. Askari wa kawaida alifukiwa shimoni pamoja na wenzake, jioni ile ile, basi. Mambo yalibadilika Ulaya pale vita vilipoanza kupiganwa na wakulima, makarani na walimu wa shule walioandikishwa kwa mamilioni. Katika vita vya 1914 hadi 1918, ndivyo hivyo vya Mjerumani, Uingereza ilikataza maiti kurudishwa nyumbani. Fikiria nyumba laki kadhaa zina msiba, na hakuna hata moja yenye kaburi la kwenda kulizuru. Ndipo mwaka 1917 ikaundwa tume ya makaburi ya vita, iliyosukumwa na Fabian Ware, ikajiwekea kanuni ambayo kwa wakati ule ilikuwa ya kimapinduzi: kila aliyekufa apate jina lake, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta wa kumbukumbu, na mawe yalingane, bila kujali cheo, rangi wala dini. Jenerali na kuruta, jiwe moja.

Wasiopatikana walitengenezewa njia nyingine. Novemba 11, 1920 askari mmoja asiyejulikana alizikwa Westminster Abbey, London, na mwingine siku hiyo hiyo alipelekwa Arc de Triomphe, Paris, akazikwa chini yake Januari 1921, ili kila mama aweze kudhani kwamba huyu huenda ni wangu. Barabarani London palizinduliwa Cenotaph, mnara ambao ni kaburi tupu. Watu huyaona haya kama mambo ya kizungu, lakini Wajaluo wanayo ya kwao toka zamani: mtu akizama ziwani au akifia mbali mwili usipatikane, huzikwa tunda la yago mahali pake, na msiba unaendelea kama misiba mingine. Waislamu nao wana swala ya ghaibu. Binadamu hawezi kumaliza tanga bila kitu cha kushika, na taifa likipoteza watu wengi kwa mpigo linahitaji yago lake.

Sasa tuje kwenu Mpwapwa.

Waingereza waliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, wakimfukuza von Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, kuelekea kusini. Reli ilikuwa imeharibiwa, ng'ombe na farasi wanakufa kwa ndorobo, malori yanazama kwenye tope. Kilichobaki ni kichwa cha mtu. Kwa vita vyote vya Afrika Mashariki Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja, na hesabu za serikali yao wenyewe zinakaribia vifo 100,000, wakati maofisa wengine wa enzi zile walikiri kwamba idadi hiyo ni ndogo kuliko ukweli. Risasi iliua wachache. Waliobaki walikwenda na kuhara damu, malaria na kichomi, kwa sababu mtu aliyelelewa kwa uwele na mtama alipewa unga wa mahindi, hana muda wa kuupika ukaiva, kisha akatwishwa mzigo wa kilo 25 hivi na kuvushwa mabonde ya Rufiji wakati wa masika. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi ni kambi zao hao. Wapagazi wa upande wa Mjerumani hawakupata hata mahali pa kuachia jina. Wengi hawakuandikwa kabisa.

Nyumbani nako hapakubaki salama. Majeshi mawili yalikuwa yamekomba mifugo na nafaka za Ugogo, vijana wenye nguvu wako njiani na mizigo, kisha mvua ikagoma. Njaa iliyofuata, kati ya 1917 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya. Inakadiriwa iliua watu 30,000. Ukiwauliza wazee wenu habari za babu yule, usianze na vita vya dunia. Anza na Mtunya, hapo ndipo kumbukumbu ya familia ilipojishikiza.

Basi nini kilitokea kwa ile kanuni ya jina kwa kila mtu? Ilipofika huku ikakatwa. Watawala wa makoloni waliiandikia tume kwamba watu wa huku hawangeelewa maana ya jiwe la kaburi na kwamba fedha zingepotea bure, nayo tume ikakubali. Wapagazi na askari wengi wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, hawakupata mawe wala majina ukutani. Badala yake zilijengwa sanamu tatu za shaba, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi, ziwawakilishe wote.

Hiyo ya Dar es Salaam umeiona, hata kama ni kwenye picha: Askari yuko katikati ya mzunguko wa Samora na Azikiwe, kainama mbele kidogo, bunduki yenye singe imeelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson. Daladala na bodaboda zinaizunguka kutwa na ni nadra kumwona mtu akisimama kusoma. Siku ukifika mjini, vuka barabara, kwa uangalifu, ukatazame kitako chake. Kuna picha za kuchongwa za askari na za wapagazi, na kuna maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanasema kwamba hii ni kumbukumbu ya askari wa Kiafrika waliopigana, na ya wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na ya wengine wote waliomtumikia mfalme wao na nchi yao wakafa. Mwisho yanaahidi kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako.

Zunguka pande zote nne uhesabu majina yaliyoandikwa pale. Hakuna hata moja.

Aliyetunga maneno hayo ni Rudyard Kipling, yule mshairi wa dola ya Kiingereza. Mwanawe wa pekee, John, alipotea vitani Ufaransa mwaka 1915, na mzee alikufa mwaka 1936 bila kujua mwili uko wapi. Alikuwa mjumbe wa tume ile ya makaburi, akawatungia wafu wa nchi nzima maneno ya mawe yao. Lakini jina la John lilichongwa kwenye ukuta kule Loos, pamoja na ya maelfu ya wenzake waliopotea. Simsemi Kipling kwa ubaya. Namtaja kwa sababu yeye, kuliko watu wote, alijua jina lina uzito gani kwa mzazi asiye na kaburi, na bado alipotuandikia sisi aliona sentensi moja inatosha.

Pesa nayo ilifuata njia hiyo. Mishahara ya wapagazi waliokufa, ambayo ndugu hawakuidai kwa sababu hawakujua wadai wapi, ilibaki mikononi mwa serikali. Palikuwa na maofisa wachache Nairobi waliopiga kelele miaka mingi kwamba fedha zile zirudi kwa watu wenyewe kwa njia yoyote. London ikakataa.

Utasema hayo ya kale, tume haikuwa na njia ya kupata majina. Tazama vita vya pili. Februari 12, 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu 1,297, na humo mlikuwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki. Majina ya askari hao yako ukutani katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Tume ni ile ile, watu ni wale wale, na umepita muda wa miaka 25 tu. Kwa hiyo iliwezekana. Mwaka 2021 tume yenyewe, ambayo sasa inaitwa Commonwealth War Graves Commission, ilitoa ripoti ikakiri: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni.

Linganisha na Songea. Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni waliopigana Majimaji, na kila mwaka tarehe hiyo watu hukusanyika kwenye makumbusho, penye kaburi la halaiki na kaburi la pekee la Nduna Songea Mbano. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na unakidai mpaka leo. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda pale Novemba 2023 akaomba msamaha mbele ya wajukuu. Kwa nini wale wana majina na babu yenu hana? Walinyongwa mbele ya watu wao. Mke, mtoto na jirani waliona nani alipandishwa kitanzini na wa ngapi. Mpagazi kutoka Mpwapwa alifia kando ya njia huko kusini, katikati ya watu wa makabila mengine wasiojua hata lugha yake, na karani wa jeshi alimjua kwa namba. Kumbukumbu ya taifa mara nyingi huanza na shahidi mmoja aliyerudi nyumbani. Akikosekana huyo, serikali ya baadaye haina cha kuanzia.

Ndiyo maana vita vya Kagera tunavikumbuka vizuri zaidi kuliko vingine. Waliopigana wako hai, tunakaa nao vijiweni. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia, yakaua raia, yakapora ng'ombe, yakalipua daraja la Kyaka. Novemba Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu ya kumpiga tunayo na nia ya kumpiga tunayo. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Wanajeshi wetu waliokufa wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba. Waliokufa Msumbiji katika miaka ya 1980 wako Naliendele, Mtwara. Jeshi letu liliwarudisha watu wake liliowaweza kuwarudisha, likawazika kwa safu. Hapo sina la kulaumu.

Sasa Julai 25 yenyewe. Wewe uko karibu na Dodoma, pengine umewahi kufika Uwanja wa Mashujaa. Tarumbeta inapigwa, mzinga unalia, watu wanasimama kimya, mzinga wa pili unalia kufunga ukimya. Kisha Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vita anaweka shoka. Viongozi wa dini wanaomba, kila mmoja kwa dini yake. Ziangalie silaha hizo. Hakuna bunduki hata moja inayowekwa pale, ingawa wote wa Kaboya walikufa na bunduki mkononi. Mkuki, ngao na upinde ni silaha za kina Mkwawa na za Majimaji. Kwa ibada hiyo taifa linasema kwamba wafu wake wako tangu kabla JWTZ haijaundwa, tangu kabla hata nchi haijaitwa Tanzania.

Hapo ndipo wenzangu wengine katika fani ya historia wanaponipinga, na hoja yao si nyepesi. Wanasema mpagazi hakuitetea nchi hii. Alikamatwa, akambebea risasi mfalme wa ng'ambo, na ushindi aliousaidia ulitupatia tu mkoloni mwingine. Tena askari wa Kiafrika wa Mjerumani, ambao nao walikufa wengi, ni jeshi lile lile lililochoma vijiji wakati wa Majimaji. Ukiwaingiza wote kwenye mnara mmoja, umewaweka muuaji na aliyeuawa kwenye shada moja la maua.

Kuhusu askari wa Mjerumani nakubaliana nao nusu. Kuhusu mpagazi sikubali hata kidogo. Sherehe zetu zimeshikilia zaidi swali la alifanya nini mtu huyu, alikuwa jasiri kiasi gani, alimpiga nani. Familia haiulizi hivyo. Familia inauliza yuko wapi, na nani alimchukua. Tukipima kwa ushujaa peke yake, tunawaacha nje watu wengi mno: wapagazi, wanakijiji wa Kagera waliouawa wakiwa mashambani, waliokufa kwa Mtunya ambao hawakushika hata fimbo. Hao nao wameuawa na vita. Sitaki babu yenu apewe sifa ya kuipigania Tanzania, kwa kuwa haikuwepo na hakuulizwa. Nataka ahesabiwe kuwa mmoja wa watu wa nchi hii ambao vita viliwameza. Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako kwamba kwa mujibu wa ratiba ya serikali jambo hilo halijasemwa wazi, na kwamba mwalimu mmoja mzee anaamini yumo.

Tuje kwenye unachoweza kufanya, maana umeniuliza kama mwalimu.

Tume ya makaburi ina orodha yake kwenye intaneti, kutafuta ni bure. Jaribu jina kwa tahajia zote unazoweza kuzibuni, kwa sababu makarani waliandika walivyosikia: L na R zinabadilishana, herufi za mwanzo zinapotea, jina la baba linakaa mbele. Usitarajie makubwa kwa mpagazi. Kama alikuwa askari wa Keya, nafasi ni nzuri kidogo, kwa sababu kumbukumbu za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa na jeshi la Kenya zimeanza kupekuliwa na majina yanapatikana. Dar es Salaam, kwenye Nyaraka za Taifa, omba kuona kitabu cha wilaya ya Mpwapwa cha wakati wa Waingereza. Wakuu wa wilaya waliandika humo habari za majumbe na koo za eneo lao. Mpagazi hutamkuta kwa jina, lakini utajua nani alikuwa jumbe wakati ule, na kutoka kwake unaweza kufuata nyayo. Rejista za ubatizo za misheni, pale Mpwapwa zilianza mapema, nazo husaidia kwa kuonyesha watoto walioachwa bila baba.

Kilicho muhimu zaidi kiko kijijini kwenu na kinazeeka. Wape wanafunzi kazi ya kuuliza kila mmoja kwao: nani katika ukoo wenu alichukuliwa wakati wa Mtunya au kabla yake? Waandike jina kama linavyotamkwa nyumbani, ukoo, mahali alipotoka, jina la aliyesimulia na uhusiano wake. Wasisahihishe, na matoleo yakipingana wayaandike yote mawili. Ukipata hata majina saba au manane, hiyo tayari ni orodha ambayo huenda haipo mahali pengine popote. Nakala moja ibaki shuleni, nyingine ipeleke ofisi ya kata, ya tatu Nyaraka za Taifa. Wao hupokea.

Umeniuliza pia, mwishoni mwa barua, kama ni sawa majina hayo yasomwe mbele ya shule Julai 25, usije ukaonekana unaongeza kitu kwenye siku ya serikali. Hakuna sheria ninayoijua inayokataza. Mtaarifu mwalimu mkuu na mtendaji wa kata mapema, na waite wazee wa koo husika waje wenyewe, kwa sababu wengine watataka kumwaga pombe na wengine kusoma dua, na ni vizuri mkubaliane nani atangulie kabla watoto hawajapangwa mstari. Mengine yote fanyeni kama mlivyozoea, ukimya wa dakika moja kisha majina. Yasomeni polepole, kila jina na ukoo wake. Kama kuna ambaye jina limepotea kabisa na mnajua tu alikuwa kaka wa fulani, someni hivyo: kaka wa fulani.